Jinsi Sukari Ilivyonichukulia Kidole

Nesi wa kliniki yetu ya sukari aliniomba nizungumze na wagonjwa wapya. Nikazungumza Jumanne ya kwanza, nikazungumza ya pili, ya tatu akanishika mkono akanivuta kando. "Mama, unawatisha watu. Halafu unaongea mpaka daktari anangoja." Akanipa daftari la kurasa mia moja. "Andika. Anayetaka atasoma." Basi naandika, na mkiona mahali nimepandisha sauti, mnivumilie. Kwenye karatasi hakuna wa kunivuta kando.

Naitwa Anjelina Nabwire. Nina miaka hamsini na nne. Nilizaliwa Funyula, nikaolewa na Mteso, kabila la huku mpakani, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa na hoteli ndogo hapa Malaba, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka Uganda. Wateja wangu ni madereva na utingo wao. Mtu aliyekaa kwenye foleni siku mbili hataki mchezo. Anataka chapati zinazong'aa mafuta, chai nzito yenye sukari ya kutosha, na nyama. Nilimpa. Na kila nilichompa, nilikuwa nimekionja kwanza.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Nilikunywa maji jagi zima, nikaenda chooni, nikarudi nikanywa tena. Nilisema ni joto la jiko. Macho yakaanza ukungu, nikasema ni moshi. Miguu ikawa kama imevaa soksi wakati haijavaa, nikasema ni uzee. Hilo neno uzee naliogopa sasa kuliko matusi. Mama yangu alipoanza kupapasa ukuta akitafuta mlango, tulisema ni uzee. Kidonda chake cha mguu kilipokataa kupona, tulisema ni uzee. Alizikwa akiwa na miaka sitini na mmoja, na watu wakasema amekula chumvi nyingi. Sitini na mmoja! Hakuna aliyewahi kumtoboa kidole hata mara moja kupima damu yake.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, nimesimama kwenye jiko nageuza chapati. Dereva mmoja aliyekuwa ameketi benchi la mbele akainua kichwa.

"Mama, kuna kitu kinaungua."

"Si chapati zangu," nikamwambia, maana watu hupenda kuniharibia jina.

"Kuna harufu ya nyama."

"Nyama bado sijaweka."

Akainama, akaangalia chini ya jiko, kisha akaruka kama aliyeona nyoka. "Mama! Mguu!"

Kaa la moto lilikuwa limedondoka likaingia kati ya mkanda wa ndala na mguu wangu wa kulia. Limekaa pale, linaniunguza, na mimi nageuza chapati. Yule dereva alilipangusa kwa kofia yake. Niliangalia ule mguu kama ni wa mtu mwingine. Ngozi imekuwa nyeusi, inatoa moshi mdogo, na mimi sisikii kitu. Hapo ndipo nilipopiga yowe. Si kwa uchungu. Ningefurahi sana kama ungekuwa uchungu.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima humwita Mwalimu, hata mimi. Alinipeleka kliniki siku hiyo hiyo. Tulikaa kwenye benchi la mbao, tukisogea kila mtu mmoja akiitwa, kwa hiyo kufika saa saba nilikuwa nimepangusa lile benchi lote kwa gauni langu. Nesi akanitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Mashine ikaandika HI. Nikamuuliza kama inanisalimia. Hakucheka. Akasema sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuihesabu.

Daktari alikuwa kijana, umri wa kuwa mwanangu. Akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Napika hoteli."

"Unaonja chakula?"

"Sasa nitapikaje bila kuonja?"

"Na mazoezi? Unatembea?"

Hapo nilikasirika kabisa. "Daktari, naamka saa kumi na moja asubuhi. Nasimama mpaka jua liingie. Wewe unayeketi kwenye kiti ndiye unayeniuliza kama natembea?"

Akaandika kitu, kisha akasema polepole, "Hiyo ni kusimama, mama. Si kutembea."

Nilimchukia mwezi mzima kwa maneno hayo. Alikuwa amesema ukweli. Kutoka kwenye jiko hadi kwenye meza ya mwisho hotelini kwangu ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu nikitafuta kumpinga.

Nikapewa vidonge, asubuhi na jioni, na karatasi ya vyakula. Hii karatasi mgonjwa mpya ataipata pia, kwa hiyo siirudii. Nitasema tu kwamba haikuandikwa na mtu anayepika. Imesema "punguza mafuta" kana kwamba mafuta ni redio unaipunguza sauti.

Kidonda cha moto kilichukua mvua ndefu yote kupona. Lakini kilichonichosha zaidi kilikuwa nyumbani. Mwalimu, aliyekuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, alipata mwanafunzi mmoja wa kustaafu naye. Akabandika ile karatasi ukutani. Akawa anaketi kando yangu wakati wa kula.

"Mama Amoit, hiyo ndizi ni ya pili."

"Naiona."

"Karatasi imesema moja."

"Umeoa karatasi au umenioa mimi?"

Na wakati ananihesabia ndizi, mkono wake uko kwenye kopo la chumvi, anaimwaga juu ya samaki ambaye hata hajamwonja. Kila siku. Kutoka kitandani anakwenda kwenye kiti cha barazani, kutoka kitini anakuja mezani, kisha kitandani. Nikisema neno, anajibu, "Mimi niko sawa. Mgonjwa ni wewe."

Kisha nikaanza kupungua. Daktari alifurahi. Malaba haikufurahi. Ukiwa mama mwenye hoteli ukakonda, watu hawasemi umefuata ushauri. Wanakusalimia kwa sauti ya chini. Kanisani mama mmoja alinishika mikono yote miwili akaniambia siku hizi dawa za kumeza zipo na mtu anaishi tu vizuri, nisijifiche. Nikamwambia ni sukari. Akaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, sukari," kama mtu anayenitunzia siri. Juma lililofuata akaniletea kreti nusu ya soda ili nipate nguvu. Soda! Nilitamani kuzivunja moja moja mbele yake.

Wakati wa mavuno tulikuwa na msiba Funyula. Mnajua misiba ya kwetu. Nilipewa chai ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani kwa sukari. Nikaomba isiyo na sukari. Shangazi yangu akaweka birika chini. "Anjelina, umekaa na hao Wateso mpaka chai yetu imekuwa mbaya?" Watu wote wakageuka. Nikanywa. Kwenye nyumba ya pili nikanywa, na ya tatu. Nilirudi Malaba nimejichukia, na mtu anayejichukia hula vibaya zaidi.

Nitasema jambo ambalo si zuri kulisema. Vile vidonge vilikuwa vinaniharisha. Daktari alikuwa ameniambia nivimeze pamoja na chakula, na kama vitanisumbua nirudi. Sikurudi. Nilikuwa na wateja, na choo chetu ni kimoja, sisi na madereva. Dada yangu mkubwa, Taaka, aliponitembelea akanikuta nimeinama, akasema, "Achana na hizo dawa, zitakumaliza. Kuna mama ng'ambo ya mpaka anachemsha mizizi, mume wa jirani yangu amepona kabisa." Akaniletea chupa mbili za maji machungu ya rangi ya matope. Nikafunga vidonge kwenye karatasi nikavitupa kwenye kabati. Kwa muda mrefu nilimlaumu Taaka. Sasa simlaumu. Alikuwa anapenda nipone. Mimi ndiye nilikuwa natafuta mtu wa kuniruhusu kuacha, na yeye akapita mlangoni.

Mwezi mmoja na nusu. Ndio muda niliokaa bila vidonge, na nilimdanganya Mwalimu kila asubuhi nikimeza maji matupu mbele yake.

Ilikuwa bado wakati wa mahindi, tumeyaanika kwenye turubai nje ya nyumba. Kliniki ilikuwa imenikataza ndala, kwa hiyo nilikuwa nimenunuliwa viatu vya kufunika. Asubuhi moja nikavivaa, nikaenda hotelini, nikasimama kutwa. Jioni navua viatu, Mwalimu anaangalia soksi.

"Hiyo ni nini?"

Soksi ilikuwa imelowa damu upande wa kidole kidogo. Akageuza kiatu, akakigonga sakafuni. Ikaanguka punje moja ya mahindi. Punje ya mahindi, watu wangu! Nilikuwa nimeikanyagia tangu alfajiri mpaka jua linatua, imenichimba mpaka ndani, na sikujua. Mtoto wa miaka miwili angelia hatua ya kwanza.

Nilifunga kitambaa nikasema kitapona. Siku ya tano kidole kilikuwa cha zambarau. Siku ya nane nilinusa harufu niliyoitambua, kwa sababu nilikuwa nimeinusa kwenye chumba cha mama yangu. Nikamwita Mwalimu, nikafungua kabati, nikamwonyesha vidonge vyote. Nilitegemea atafoka. Alivitazama, akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza tu, "Na yale maji uliyokuwa unameza?"

"Maji tu."

Akavaa viatu, akanipeleka hospitali.

Wodini nililazwa majuma matatu. Kitanda cha kulia kwangu alikuwapo bibi aliyekatwa mguu chini ya goti. Aliniuliza, "Wewe wanakata wapi?" kama mtu anayeuliza unashuka stendi gani. Nikamwambia wanasema kidole. Akasema, "Umebahatika," na akageukia ukuta. Niliwaza ile bahati usiku na mchana. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba kama ningekaa juma moja zaidi tungekuwa tunazungumza kuhusu mguu.

Walikitoa kidole asubuhi ya Ijumaa. Ni kidole kidogo cha mwisho, mtu hata hakitambui mpaka kimeondoka. Kisha unagundua kwamba ndicho kilichokuwa kinakusimamisha wima. Nilijifunza kutembea upya kwenye kile kibaraza cha wodi, nashika ukuta, nasonya. Nesi wa zamu alisema hajawahi kuona mgonjwa anayesonya namna hiyo. Nikamwambia mwingine hulia, mimi husonya.

Mvua fupi zilianza nikiwa nimerudi nyumbani. Kila siku nilipaswa kwenda kliniki kusafishwa kidonda, na Mwalimu alinisindikiza, ananishikia mwavuli, anatoa maagizo. "Dimbwi. Jiwe. Polepole." Taaka alikuja kutoka Funyula kuangalia hoteli. Aliona mguu wangu mara moja tu. Hakutaja tena mizizi, nami sikumkumbusha. Alipika siku arobaini bila kulalamika, na kwa mwanamke ambaye huwa analalamika hata kwa usingizi, nilielewa anachosema.

Na jambo moja ambalo sikulitarajia. Jioni ya kwanza niliporudi, Mwalimu alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti yake mabovu chini, akaosha mguu wangu. Miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kugusa miguu yangu. Akaikausha katikati ya vidole vyote tisa, akaweka kioo chini ya unyayo, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anasahihisha mitihani. "Kisigino, sawa. Kidole gumba, sawa. Unyayo, kuna mkwaruzo, fuatilia." Nilitaka kumwambia aache ujinga. Nikamsogezea mguu wa pili.

Lakini msidhani tulikuwa malaika. Juma moja baadaye alinikuta hotelini, nimekwenda kumtazama Taaka, nakula kipande cha muwa, akaanza hotuba mbele ya wateja. Nikachukua kopo lake la chumvi, nikaenda nalo mpaka mlangoni, nikalirusha barabarani katikati ya malori. "Sasa hesabu hilo!" Hakunisemesha siku mbili. Tuliendelea kwenda kliniki pamoja chini ya mwavuli mmoja.

Ilikuwa ndani ya hizo siku mbili. Nesi, ambaye mpaka hapo alishatuzoea, alimwona Mwalimu ameketi kwenye benchi amenuna. "Mwalimu, lete mkono nikupime presha, ukae bila kazi kwa nini?"

"Mimi niko sawa."

"Basi mashine itasema uko sawa."

Akafunga ule mkanda. Akapampu. Akaangalia, akafungua, akafunga mkono wa pili, akapampu tena. Kisha akatoka, akarudi na yule daktari kijana. Daktari akapima mwenyewe. "Mzee, umekuwa na maumivu ya kichwa?"

"Ya kawaida."

"Tangu lini?"

Mwalimu akanitazama mimi, kana kwamba nina jibu. Nilikuwa nalo. Alikuwa anafunga kichwa kwa kitambaa asubuhi tangu kabla sijaungua. Tulikuwa tunasema ni uzee.

Hawakumruhusu kurudi nyumbani. Daktari alisema kwa presha ile alipaswa kuwa ameanguka tayari. Basi mimi mwenye mguu mmoja mzima ndiye niliyerudi peke yangu na mwavuli, nikichechemea, nikimtukana kila hatua. Huyu mtu alikuwa amenihesabia ndizi mwaka mzima akiwa amekalia kifo chake barazani! Nilipofika nyumbani nililia nikiwa bado na viatu. Halafu nikavivua, nikavigonga sakafuni, nikapika.

Alitoka baada ya siku nne na vidonge vyake. Sasa tuna sahani mbili za vidonge mezani, na hakuna anayemchunga mwenzake zaidi ya mwingine, jambo ambalo limeleta amani kidogo. Tunakula ugali wa wimbi na mhogo, ule atapa ambao mama mkwe alinifundisha nilipoolewa na mimi nikauacha kwa sababu unga mweupe ulionekana wa kisasa. Kipande cha ngumi moja. Mrenda, kunde, omena, wale dagaa wa ziwani, waliochemshwa kwa nyanya. Chumvi napika nayo kidogo, mezani haiji. Miezi miwili ya kwanza kila kitu kilikuwa na ladha ya sanduku. Siwezi kuwadanganya hapo. Mwezi wa tatu ulimi wangu ulianza kusikia vitu, kama vile utamu wa kunde zenyewe, nikakasirika tena kwa miaka niliyoikosa.

Hotelini nikaacha kuonja kwa kumeza. Nanusa, naweka tone kwenye ulimi, natema. Chapati za mafuta bado zipo, siwezi kuwafukuza madereva, lakini nimeweka sufuria ya maharagwe na mboga isiyo na mafuta, nikidhani nitaila mwenyewe. Inaisha kabla ya nyama. Wanaume wazima wananiinamia na kuninong'oneza, "Mama, ile ya wenye presha imebaki?" Barabara hii nzima imejaa watu wanaoficha vidonge kwenye dashibodi.

Na tunatembea. Saa tisa alasiri, wateja wa mchana wameondoka na wa jioni hawajafika, mimi na Mwalimu tunashika njia ya vumbi nyuma ya malori, mpaka kwenye kisima cha shule na kurudi. Tunabishana kwenda na kurudi. Daktari amesema kama tunaweza kubishana tukitembea, basi mapafu yako salama.

Aliyebaki ni Amoit, binti yetu wa pekee. Ana miaka ishirini na tisa. Anafanya kazi Busia kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Anaketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi, anakula chipsi hapo hapo mezani, anateremsha kwa soda, anarudi nyumbani kwa pikipiki mpaka mlangoni. Nilimwomba aje apimwe. Nilimwomba kwenye simu, nikamwomba Jumapili akija kututembelea, nikamwomba mbele ya baba yake.

"Mama, mimi bado kijana. Hayo ni magonjwa ya wazee."

"Bibi yako alianza kupofuka hajafika hamsini na tano."

"Nikipata nafasi."

Miezi mitatu nilingoja hiyo nafasi. Mwishowe nilipanda gari asubuhi ya Jumanne nikaenda mpaka ofisini kwake, nikavua kiatu na soksi, nikaweka mguu wangu juu ya kiti mbele ya mkubwa wake na wafanyakazi wote. Sijivunii. Amoit alinyakua mkoba wake huku machozi ya hasira yanamtoka. "Mama, umeniaibisha."

"Ndiyo," nikamwambia. "Twende."

Tulikaa kwenye benchi la kliniki ya huko huko Busia. Alipoitwa nikaingia naye, akitaka asitake. Nesi akamtoboa kidole. Nilitazama ule mkono wake laini, na kimashine chao. Ikatoka namba. Namba ya kawaida. Presha ikatoka, nayo ya kawaida. Nesi akamwambia uzito ndio aupunguze, aachane na soda, atembee, na arudi kila mwaka bila kuitwa, kwa sababu mama na bibi, kama nilivyomweleza, wote walikuwa na sukari.

Nikaanza kulia. Mimi msonyaji. Nililia mpaka watu wa benchini wakachungulia mlangoni wakidhani tumepewa habari mbaya.

"Mama, majibu ni mazuri," nesi akasema. "Unalia nini sasa?"

"Nalia kwa sababu nilipokuwa na miaka ishirini na tisa hakuna mtu aliyenileta hapa."

Amoit aliniangalia. Hasira yake ilikuwa bado ipo, naijua, ni yangu. Lakini alichukua kitambaa kutoka mkobani akanipa, akabeba viatu vya akiba nilivyokuja navyo, akafungua mlango. Nje pikipiki tatu zilikuwa zinangoja abiria. Nikazipita zote.

"Mama, ofisini ni mbali," akasema nyuma yangu.

"Najua ni mbali."

Alilalamika njia nzima, kuhusu jua, kuhusu viatu vyake, kuhusu mkubwa wake atakachomwambia. Nilichechemea mbele, nikamwacha alalamike. Alikuwa anatembea.